Joseph Whitworth

Sir Joseph Whitworth (Stockport, Uingereza, 21 Desemba 1803 – Monte Carlo, Monako, 22 Januari 1887) alikuwa mhandisi, mvumbuzi na mwenye kiwanda kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa mambo mawili: mpango wa mwaka 1841 wa kuzifanya hesi za bolti na nati ziwe za kipimo kimoja, na mashine ya kupimia iliyoweza kutambua tofauti ya urefu ya sehemu moja ya milioni ya inchi.

Hesi ni mtaro unaozunguka mwili wa skrubu au bolti na kuonekana kama meno ukitazamwa kwa upande. Mafundi wengi huiita thredi. Kabla ya Whitworth kila karakana ilikata hesi kwa namna yake, kwa hiyo nati ya fundi mmoja haikukaa kwenye bolti ya fundi mwingine. Mpango wake ulikuwa wa kwanza kukubaliwa na viwanda vya nchi nzima. Baadaye ulisafiri pamoja na mashine za Kiingereza hadi Afrika ya Mashariki, zikiwemo zile za meli za Ziwa Viktoria zilizoletwa vipande vipande. Mabomba ya maji ya Mwanza na miji mingine ya Tanzania yanaunganishwa hadi leo kwa hesi zenye umbo lake.

Maisha ya awali

Whitworth alizaliwa mjini Stockport, karibu na Manchester. Baba yake, Charles Whitworth, alikuwa mwalimu wa shule, na baadaye akawa mchungaji wa Kanisa la Kikongregesheni. Mama yake, Sarah, alifariki Joseph akiwa bado mtoto. Kijana huyo alipelekwa kusoma katika shule ya Idle, karibu na Bradford.

Alipofikisha umri wa miaka 14 alitumwa kwa mjomba wake huko Derbyshire, aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba. Familia ilitarajia kwamba angejifunza biashara na siku moja kuwa mbia. Joseph alivutiwa zaidi na mashine kuliko hesabu za pamba. Baada ya miaka minne hivi aliondoka, akaenda Manchester kufanya kazi kama fundi wa kawaida katika karakana za mashine.

Mwaka 1825 alimwoa Fanny Ankers, na mwaka huohuo wakahamia London.

Kazi katika karakana za London

Mjini London aliajiriwa na Henry Maudslay, fundi aliyesifika kuliko wote wa wakati huo kwa usahihi wa kazi zake. Maudslay alikuwa ameboresha kerezo ya kukata skrubu, na alikuwa na maikromita kubwa ya mezani iliyotumiwa kuamua ubishi wowote wa kipimo katika karakana. Baadaye Whitworth alifanya kazi kwa Holtzapffel, kisha kwa Joseph Clement, aliyekuwa akitengeneza sehemu za mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage. Katika karakana hizo alijifunza kwamba mashine haiwezi kuwa sahihi kuliko kifaa kilichoipima.

Tatizo la kwanza lililomshughulisha lilikuwa uso bapa. Kila kipimo huanzia kwenye meza au sahani ya chuma iliyonyooka, lakini sahani hiyo yenyewe itathibitishwa kwa nini? Ukilinganisha sahani mbili tu, ya kwanza inaweza kuwa na tumbo na ya pili ikawa na bonde. Zitakutana vizuri ingawa hakuna iliyo bapa. Whitworth alitumia sahani tatu. Ya kwanza ililinganishwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya tatu na ya kwanza. Sahani tatu haziwezi kukutana zote kwa zamu isipokuwa kila moja iwe bapa kweli.

Sahani ilipakwa rangi nyembamba iliyochanganywa na mafuta, ikawekwa juu ya mwenzake, na mahali palipoinuka pakaacha alama. Fundi alipakwangua hapo kwa kikwangulio na kurudia tena. Mzizi wa kazi hiyo ulikuwapo tayari kwa Maudslay. Whitworth aliikamilisha kwa kusisitiza kukwangua badala ya kusaga kwa unga mkali, kwa sababu unga hula chuma pasipo mpango na kuharibu hata sehemu iliyokuwa sahihi. Mwaka 1840 aliieleza njia hii mbele ya mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Glasgow.

Kiwanda cha Manchester

Mwaka 1833 Whitworth alirudi Manchester, akapanga chumba chenye nguvu ya mvuke na kuanza kutengeneza mashine za kutengenezea mashine nyingine. Alitoa kerezo, mashine za kuranda chuma, za kutoboa na za kukata meno ya gurudumu. Fremu za mashine zake zilikuwa za chuma cha kalibu kilicho wazi ndani, umbo linalohimili kupindika kuliko fremu nyembamba zilizozoeleka. Alitengeneza pia gari la kufagia barabara lililovutwa na farasi, ambalo lilitumika Manchester.

Kiwanda kilikua haraka, na pamoja nacho likaonekana tatizo la bolti na nati.

Hesi ya Whitworth

Katika miaka ya 1830 mashine iliyoharibika bolti ilibidi irudishwe kwa aliyeitengeneza, au fundi wa mahali akate bolti mpya kwa kuigiza ile ya zamani. Mara nyingi hata ndani ya mashine moja kila nati ilikuwa na bolti yake, nazo zilitiwa alama ili zisibadilishwe. Reli zilipoanza kuenea hali hiyo ikawa gharama kubwa, kwa kuwa injini moja ilipita katika miji yenye karakana nyingi.

Whitworth hakuanza kwa kubuni hesi bora mezani. Alikusanya bolti kutoka karakana kuu za Uingereza, akazipima, na kutafuta wastani wa yale ambayo mafundi walikuwa wakifanya tayari. Kwa njia hiyo hakuna karakana iliyotakiwa kuacha kila ilichokizoea, na zote ziliombwa kusogea kidogo. Mwaka 1841 aliwasilisha pendekezo lake mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London.

Pendekezo hilo lilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, pembe kati ya mbavu mbili za jino iwe digrii 55 daima. Pili, ncha ya jino na kitako cha mtaro viviringwe, kwa kuwa pembe kali huvunjika na kuanzisha ufa. Tatu, kila kipenyo kiwe na idadi yake ya meno kwa inchi. Baadhi ya vipimo hivyo ni:

Bolti ya robo inchi: meno 20 kwa inchi
Bolti ya inchi 3/8: meno 16
Bolti ya nusu inchi: meno 12
Bolti ya robo tatu inchi: meno 10
Bolti ya inchi moja: meno 8

Umbali kutoka jino moja hadi linalofuata huitwa hatua. Bolti ya inchi moja yenye meno 8 ina hatua ya 1/8 ya inchi, yaani takriban milimita 3.2.

Kampuni za reli zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuufuata mpango huu. Hakukuwa na sheria ya kuulazimisha. Ulienea kwa sababu kiwanda cha Whitworth kiliuza pia vifaa vya kukatia hesi hizo pamoja na geji za kuzikagua. Aliyenunua vifaa alinunua na kipimo.

Kupima kwa kugusa

Katika zama zake mafundi wengi walipima kwa rula na kalipa, wakisoma mstari kwa macho. Whitworth alishikilia kwamba mkono huhisi tofauti ambayo jicho haliioni. Alipendelea kupima urefu kutoka ncha hadi ncha ya kipande cha chuma, kwa kugusa, badala ya kusoma umbali kati ya mistari miwili iliyochorwa.

Mashine yake ya kupimia, iliyooneshwa katika Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851, ilitegemea skrubu. Skrubu hiyo ilikuwa na meno 20 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja uliisogeza 1/20 ya inchi. Iliendeshwa na gurudumu lenye meno 200, na gurudumu hilo likaendeshwa na jingine la mkono lililogawanywa kwa alama 250. Ukizidisha 20 kwa 200 kwa 250 unapata 1,000,000. Kusogeza gurudumu la mkono kwa alama moja kulisogeza ncha ya mashine kwa sehemu moja ya milioni ya inchi, yaani milimita 0.0000254.

Ili mkono wa mpimaji usibane kwa nguvu tofauti kila mara, aliweka kibati chembamba cha chuma kati ya kitu kinachopimwa na ncha ya mashine. Kikibanwa kwa kiasi kinachotakiwa, kibati hakikuanguka kilipoinuliwa upande mmoja. Ncha ikirudishwa nyuma kwa alama moja tu, kilidondoka kwa uzito wake. Kwa hiyo uzito wa kibati ndio ulioamua badala ya nguvu ya vidole.

Mashine hiyo ilionyesha pia jinsi joto linavyoharibu kipimo. Kipande cha chuma cha pua chenye urefu wa inchi moja kikipata joto la digrii moja ya Selsiasi hurefuka kwa sehemu 11 hadi 12 za milioni ya inchi. Kukigusa kwa kidole kulitosha kubadilisha jibu. Ndiyo sababu vyumba vya kupimia viwandani leo huwekwa katika joto lisilobadilika, na vipimo vya urefu hutajwa kwa joto la digrii 20.

Kwa kazi za kila siku Whitworth alitengeneza geji za jozi: kigingi cha mviringo na pete yake. Fundi wa kawaida aliweza kuhisi kwa mkono tofauti ya 1/10,000 ya inchi kati ya kigingi kinachokaa sawasawa na kinacholegea. Mwaka 1857 alipendekeza pia inchi igawanywe kwa sehemu za kumi, mia na elfu badala ya nusu, robo na thumni, ili mafundi waweze kutaja vipimo vidogo bila kuchanganyikiwa.

Vita ya Krimea na injini za mashua

Mpango wa hesi ulipata jaribio kubwa wakati wa Vita ya Krimea (1853–1856). Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji mashua nyingi ndogo za mizinga kwa haraka, na mhandisi John Penn alipewa kazi ya injini zake. Kiwanda chake peke yake kisingeweza kuzimaliza kwa wakati. Penn alichukua injini za mfano, akazifungua na kugawa sehemu zake kwa karakana mbalimbali ili kila moja itengeneze aina yake kwa wingi. Sehemu zilipokusanywa, injini 90 ziliunganishwa katika muda wa siku 90 hivi. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu karakana zote zilikuwa zimeshafuata hesi moja na kukagua kwa geji zinazolingana.

Mwaka 1853 Whitworth alikuwa ametembelea Marekani kama mjumbe wa serikali yake kwenye maonyesho ya New York. Taarifa yake iliyotolewa mwaka 1854 ilieleza jinsi viwanda vya huko vilivyotumia mashine maalumu kutengeneza sehemu zinazobadilishana, hasa za bunduki.

Bunduki na mizinga

Mwaka 1854 serikali ilimwomba Whitworth ashauri kuhusu utengenezaji wa bunduki za jeshi. Badala ya kuanza na mashine, alianza na majaribio ya mtutu na risasi. Alitoa bunduki yenye kipenyo cha inchi 0.451, ambayo tundu la mtutu wake lilikuwa na pande sita zilizojipinda. Katika majaribio ya mwaka 1857 iliishinda bunduki ya jeshi ya Enfield kwa shabaha, hasa mbali.

Jeshi halikuichukua. Ilikuwa ghali, na mtutu wake mwembamba ulijaa masizi ya baruti upesi zaidi. Mizinga yake nayo ilishindana na ile ya William Armstrong, na serikali ikaelemea kwa Armstrong. Whitworth hakukubali kwa urahisi, na mabishano kati ya pande hizo mbili yaliendelea kwa miaka. Bunduki zake chache zilitumiwa na walenga shabaha wa majimbo ya kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Viktoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha walenga shabaha huko Wimbledon kwa kufyatua bunduki ya Whitworth. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye kitako cha chuma. Malkia alivuta kamba tu, na risasi ikapiga karibu na katikati ya shabaha umbali wa yadi 400.

Kazi ya mizinga ilimwongoza kwenye utafiti wa chuma cha pua. Aligundua kwamba vipovu vya hewa ndani ya chuma hupunguza nguvu yake, akabuni njia ya kukikandamiza kwa shinikizo kubwa kikiwa bado kimiminika. Mnamo 1880 alifungua kiwanda kikubwa huko Openshaw, Manchester.

Ufadhili wa elimu na miaka ya mwisho

Whitworth alikuwa rais wa Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo katika miaka ya 1856, 1857 na 1866. Mwaka 1857 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1869 alipewa cheo cha baroneti.

Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa masomo kwa vijana wa uhandisi: nafasi 30, kila moja pauni 100 kwa mwaka. Masharti yake yalidai nadharia na kazi ya mikono kwa pamoja. Mtahiniwa ilibidi ajue hesabu na pia aweze kushika tupa na kerezo. Ufadhili huo upo hadi leo. Mwaka 1874 alibadilisha kiwanda chake kuwa kampuni ya hisa, na wafanyakazi wakapata nafasi ya kununua hisa.

Baada ya kifo cha mke wake wa kwanza alimwoa Mary Louisa Orrell mwaka 1871. Hakuacha mtoto. Katika uzee wake alikwenda kusini mwa Ulaya wakati wa baridi kwa ajili ya afya, na alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887. Alizikwa Darley Dale, Derbyshire, alikokuwa na makazi. Sehemu kubwa ya mali yake ilitumika kwa manufaa ya watu wa Manchester, ikiwa pamoja na bustani na nyumba ya sanaa zinazobeba jina lake. Mwaka 1897 kampuni yake iliunganishwa na ile ya mpinzani wake Armstrong.

Hesi za Whitworth na Ziwa Viktoria

Whitworth hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki. Hata hivyo maisha yake yalikwenda sambamba na kufika kwa mashine za kwanza ziwani. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa ambalo Wasukuma, Wakerewe na majirani zao waliliishi tangu zamani. Alilipa jina la Malkia Viktoria, yule aliyefyatua bunduki ya Whitworth miaka miwili baadaye.

Mwaka 1878 Alexander Mackay, mhandisi kutoka Uskoti aliyetumwa na shirika la kimisionari la CMS, alifika Kageye, kwenye ufuko wa kusini katika Mkoa wa Mwanza wa leo. Huko alikuta mizigo ya wenzake waliomtangulia imerundikwa ovyo: vipande vya boila, fito za pistoni, mabomba ya mvuke, herufi za kuchapia, vitabu na mbegu, vyote vimechanganyika na kushika kutu na vumbi. Wapagazi walikuwa wamevibeba kutoka pwani kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Baada ya siku kumi za kazi kuanzia alfajiri hadi jioni, Mackay aliisimamisha injini ya mashua ikiwa kamili hadi skrubu ya mwisho.

Pale Kageye hapakuwa na duka la bolti, na kiwanda cha karibu kilikuwa ng'ambo ya bahari. Katika mazingira kama hayo mashine ambayo kila nati yake inakubali bolti moja tu ingekuwa fumbo gumu mara baada ya masanduku kuchanganyika. Mackay aliendelea na kazi za ufundi pande zote mbili za ziwa, na alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890.

Meli kubwa zaidi zilifuata. SS William Mackinnon ilitengenezwa na Bow, McLachlan & Co. huko Paisley, Uskoti. Kwanza iliunganishwa kwa bolti katika kiwanda, kila kipande kikapewa namba, kisha ikafunguliwa na kusafirishwa hadi Mombasa. Iliundwa upya Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. Vyuma vya mwili wake vilifungwa kwa ribiti, lakini injini na mitambo ilitegemea bolti na nati. Zilifuatiwa na Winifred, Sybil na Clement Hill kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Usahihi wa kipimo ulipaswa kuthibitishwa Uskoti, kwa sababu kosa lililogunduliwa Kisumu lilimaanisha kusubiri kwa miezi.

Hesi hizo hazikuwa za Waingereza pekee. Viwanda vingi vya Ujerumani, iliyotawala Mwanza hadi Julai 1916, vilitumia pia hesi ya Whitworth pamoja na zile za metriki. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ukawa mahali pa kupakia na kutengeneza vyombo vya reli na vya maji. Mwaka 1961 ilianza kazi MV Victoria, iliyojengwa na Yarrow mjini Glasgow na kuletwa kwa vipande kama zile za kwanza; ilitumikia kwa miaka mingi njia ya Mwanza na Bukoba. Tofauti nazo, MV Mwanza, yenye nafasi ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilijengwa katika bandari ya Mwanza Kusini na kushushwa majini Februari 2023.

Jinsi hesi inavyokaguliwa

Kazi ya mkaguzi wa hesi kiwandani hufuata bado mambo aliyoyasisitiza Whitworth. Hesi moja ina vipimo kadhaa, na kila kimoja kinaweza kukosewa peke yake.

Kipenyo cha nje hupimwa kwa maikromita. Hatua hukaguliwa kwa geji ya meno, ambayo ni vibati vyenye meno ya hatua mbalimbali. Fundi huchagua kibati kinachokaa ndani ya mtaro bila kuonyesha mwanga. Umbo na pembe ya jino huweza kuangaliwa kwa mashine inayokuza kivuli chake kwenye kioo.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni kipenyo cha katikati ya mbavu, mahali jino na mtaro vina upana sawa, kwa kuwa hapo ndipo bolti na nati hubebana. Maikromita ya kawaida haiwezi kufika hapo. Kwa hiyo nyaya tatu zenye unene sawa huwekwa ndani ya mitaro, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, na umbali wa juu ya nyaya hupimwa na kukokotolewa. Waya unaofaa zaidi kwa hesi ya Whitworth una unene wa mara 0.564 ya hatua. Kwa hesi ya digrii 60 ni mara 0.577.

Penye bolti nyingi hutumiwa geji mbili. Moja lazima ipite, na nyingine haitakiwi kupita. Mwaka 1905 William Taylor wa Leicester alieleza kanuni yake: geji ya kupita ikague umbo lote kwa pamoja, na ile ya kutopita ikague kipimo kimoja kimoja. Bila kanuni hiyo makosa mawili yanaweza kufichana, mfano hatua iliyorefuka kufichwa na kipenyo kilichopunguzwa. Nati itaingia, lakini mzigo wote utabebwa na meno machache.

Kuachwa kwa mfumo wake

Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza hesi nyingine, yenye pembe ya digrii 60 na ncha bapa. Hoja yake ilikuwa kwamba digrii 55 na mviringo wa Whitworth ni vigumu kukata na kukagua kwa usahihi. Marekani ilifuata njia hiyo, na nchi hizo mbili zikabaki na bolti zinazofanana kwa macho lakini zisizolingana.

Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi na ya Kimarekani ina 13. Nati huanza kuingia kisha hukwama. Bolti ya 3/8 ni ya hatari zaidi. Zote mbili zina meno 16, nati huingia hadi mwisho, lakini mbavu zake hazikai sawasawa kwa sababu pembe ni tofauti. Katika Vita Kuu ya Pili tofauti hizo ziliwasumbua sana washirika waliopigana pamoja. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi moja ya digrii 60. Hesi ya metriki ya Shirika la Kimataifa la Usanifishaji (ISO) ina pembe hiyohiyo.

Umbo la Whitworth limebaki katika hesi za mabomba. Bomba la nusu inchi linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi nchini Tanzania lina meno 14 kwa inchi, na la inchi moja lina meno 11, yote kwa pembe ya digrii 55. Mafundi wanaotengeneza mashine kongwe za Kiingereza hukutana nayo pia, na hulazimika kuzihesabu hatua kwa geji kabla ya kuchagua nati, hasa katika bolti za 3/8 ambazo jicho na mkono havitoshi kuzitofautisha.